Sifuri Inayoaminika: Mwongozo wa Kudhibiti Ubora Unapopima Bakteria Kwenye Maji

Maji ya bomba yaliyotibiwa yakifika maabara, jibu tunalolitarajia ni sifuri. Kiwango cha Tanzania TZS 789, kile cha Afrika Mashariki EAS 12 na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani vyote vinadai jambo moja: bakteria E. coli, anayetoka kwenye kinyesi, asionekane kabisa katika mililita 100 za maji ya kunywa. Ndiyo maana fundi sanifu wa maabara ya mamlaka ya maji huandika sifuri siku nenda siku rudi, na watu wanakunywa kwa kuiamini sifuri hiyo.

Shida ni kwamba sahani ya kuoteshea isiyo na koloni hata moja, yaani kundi la bakteria linaloonekana kwa macho, haisemi kwa nini haina. Huenda maji ni salama kweli. Huenda pia agari, yaani lishe inayooteshea bakteria, imeharibika, inkubeta (kabati la joto) ilipanda joto usiku, klorini iliendelea kuua bakteria ndani ya chupa njiani, au faneli ya kuchujia ilikuwa bado ya moto ilipomiminiwa sampuli. Ukizipanga sahani hizo mezani huwezi kuzitofautisha kwa macho. Wengi wetu maabara tunaogopa koloni, lakini mimi naiogopa zaidi sifuri ya uongo, kwa sababu koloni ikiota mtu atarudi kupima tena, ila sifuri ikishaandikwa hakuna anayerudi kuikagua.

Mwongozo huu unafuata njia ya kuchuja kwa membreni (kichujio chembamba) na kuotesha kwenye agari ya kromojeni, inayozipa koloni rangi, kwa nyuzi 36, kama ilivyo katika kiwango cha kimataifa ISO 9308-1. Njia hiyo inafaa maji yenye bakteria wachache, yaani maji yaliyotibiwa na visima virefu vilivyo safi. Kwa maji ya mto au bwawa, bakteria wengine huota kwa wingi na kuwafunika wale unaowatafuta, hivyo tumia njia nyingine, mfano ile ya mirija mingi au agari inayooteshwa kwa nyuzi 44. Hatua za udhibiti zinabaki karibu zilezile.

Hatua ya 1: Chupa ya sampuli

Udhibiti unaanza kabla gari halijaondoka kwenda kuchukua sampuli. Chupa ya mililita 120 iwekewe mililita 0.1 ya thaiosalfeti ya sodiamu ya asilimia 3 kabla ya kuingia otoklevu, chombo cha kutakasa kwa mvuke. Kiasi hicho kinatosha kuzima klorini hadi miligramu 5 kwa lita. Bila hiyo, klorini inaendelea na kazi yake ndani ya chupa kwa saa zote za safari, na bakteria waliokuwa hai bombani wanafika maabara wamekufa.

Waeleze wachukuaji sampuli jambo hili mpaka walielewe, maana wengi wamezoea kuisuuza chupa kwa maji ya bomba kabla ya kuijaza. Chupa ya kupima kemikali husuuzwa. Ya bakteria haisuuzwi, kwani ukisuuza umeimwaga dawa. Vilevile isijazwe mpaka shingoni: iachwe nafasi ya sentimita mbili na nusu hivi ili uweze kuitikisa kabla ya kuchuja.

Katika kila mzigo wa chupa unaotoka otoklevu, toa mbili za majaribio. Ya kwanza itie mililita 25 za mchuzi wa virutubisho usiochagua bakteria, zungusha ulowane kila upande, weka inkubeta saa 24. Ukichafuka na kuwa na ukungu, mzigo mzima unarudi kuoshwa. Ya pili ijaze maji yenye klorini miligramu 5 kwa lita, kisha pima klorini kwa kidonge cha DPD, kinachogeuza maji pinki penye klorini. Yakigeuka pinki, thaiosalfeti haikutosha au imesahaulika.

Kila safari ibebe pia chupa moja yenye maji yaliyotakaswa. Ifunguliwe pale kwenye bomba kwa muda uleule wa kuchukua sampuli, ifungwe, irudi pamoja na nyingine. Hii ndiyo blanki ya safari, yaani kipimo cha maji yasiyotakiwa kuotesha kitu, na itakuambia kama vumbi au mikono ndiyo iliyoleta bakteria.

Sampuli zisafiri kwenye kasha lenye barafu, nyuzi 2 hadi 8, bila vifuniko kuzama kwenye maji ya barafu iliyoyeyuka. Zichujwe ndani ya saa 6 ikiwezekana. Zikipita saa 24 usizipime kama sampuli halali. Pima joto la kasha zinapofika na uliandike. Sampuli iliyofika ya moto, iliyochelewa, au ambayo chupa yake inavuja, ikatae kwa maandishi na ueleze sababu. Najua inavyokuwa vigumu kumkatalia mtu aliyesafiri kutwa nzima kutoka wilayani, lakini jibu la sampuli mbovu ni bovu hata ukilipima kwa uangalifu wa namna gani.

Hatua ya 2: Otoklevu, hasa ukiwa nyanda za juu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu maabara zetu nyingi ziko milimani na vitabu vingi vimeandikwa kwa kufikiria usawa wa bahari.

Tunachohitaji ni mvuke wa nyuzi 121 kwa dakika 15. Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, geji ikisoma psi 15 (psi ni kipimo cha shinikizo) mvuke ulio ndani uko karibu na nyuzi 121. Lakini geji haipimi shinikizo lote. Hupima lile lililozidi shinikizo la hewa ya nje. Nairobi, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,800, hewa ya nje ina shinikizo la kilopaskali kama 82, wakati pwani ni 101. Geji ya psi 15 ni sawa na kilopaskali 103. Ukijumlisha, pwani unapata zaidi ya 200. Nairobi unapata kama 185, na mvuke wa shinikizo hilo una nyuzi 118 tu. Mbeya, Iringa na Njombe hali ni hiyohiyo. Ili kufika nyuzi 121 huko juu, geji inatakiwa isome karibu psi 18.

Fanya hivi. Kwanza, soma kibao cha mtengenezaji uone shinikizo la juu linaloruhusiwa, usilivuke kamwe. Pili, weka ndani kipimajoto kinachobaki kwenye kiwango cha juu kilichofikiwa, katikati ya mzigo, na uendeshe mzunguko kamili. Tatu, kama chombo hakiruhusu psi 18, ongeza muda: kwa nyuzi 118 utahitaji kama mara mbili, yaani dakika 30. Nne, uthibitishe mpango huo kwa mbegu za bakteria sugu kwa joto, Geobacillus stearothermophilus, zile zinazouzwa kwenye vijikaratasi au vichupa vidogo. Ziweke katikati ya mzigo, kisha zioteshe kwa nyuzi 55 hadi 60 pamoja na moja ambayo haikuingia otoklevu. Ile ya nje lazima iote, zilizoingia zisiote. Mara moja kwa mwezi inatosha kwa maabara ndogo, na kila baada ya matengenezo.

Utepe unaobadilika kuwa na mistari myeusi ubandike, lakini ujue unachokwambia: kifurushi kilipitia joto. Hausemi kama kila kilichomo kimetakasika.

Kabla ya kufunga valvu, acha mvuke utoke kwa nguvu dakika kadhaa ili hewa yote iishe. Hewa iliyonaswa chini hudanganya geji.

Hatua ya 3: Inkubeta na vipimajoto

Nyuzi 36, kupanda au kushuka isizidi 2. Kwa vipimo vya nyuzi 44 uvumilivu ni nusu nyuzi tu, kwa hiyo huko bafu la maji lenye mzunguko hufaa kuliko kabati la hewa.

Kipimajoto kikae ndani ya chupa ndogo ya gliserini, siyo kuning'inia hewani, kwani kinachoning'inia hushuka kila mlango unapofunguliwa na hakionyeshi joto la sahani. Weka kimoja rafu ya juu, kimoja ya chini. Soma mara mbili kwa siku, angalau saa nne zipite katikati, andika, tia herufi za jina lako. Sahani zisirundikwe zaidi ya sita, maana za katikati huchelewa kupata joto.

Umeme ukikatika saa nane usiku na kurudi saa kumi na moja, asubuhi utakuta nyuzi 36 kama kawaida. Nunua kipimajoto cha kurekodi, au walau kile kinachoonyesha cha juu na cha chini. Ni kifaa cha bei nafuu na kinajibu swali ambalo daftari la asubuhi na jioni haliwezi kulijibu. Kila mwaka vilinganishe vipimajoto vyote na kimoja chenye cheti cha kalibresheni, na tofauti iandikwe kwenye kibandiko juu ya kifaa chenyewe: "ongeza 0.4", kwa mfano.

Hatua ya 4: Maji ya maabara na vyombo

Maji ya kutengenezea agari yapimwe kila mwezi: upitishaji umeme usizidi maikrosimensi 2 kwa sentimita, klorini isionekane, bakteria wa jumla wawe chini ya 500 kwa mililita. Vyombo vya kioo visibaki na sabuni. Dondoshea matone machache ya bromothaimoli bluu kwenye chombo kilichokauka: kijani ni sawa, njano ni mabaki ya asidi, bluu iliyokolea ni mabaki ya sabuni au alkali. Suuza tena mpaka kiwe kijani.

Hatua ya 5: Kila bechi mpya ya agari ifanyiwe mtihani

Agari ya kromojeni ya unga huchemshwa tu mpaka iyeyuke. Nyingi haziingii otoklevu kabisa, na ukiiingiza unaiunguza. Ikipoa, pima pH: iwe 6.8, isipishane kwa zaidi ya 0.2. Sahani zilizomwagwa zikae gizani kwa nyuzi 2 hadi 8, zisizidi mwezi mmoja. Kila sahani iwe na namba ya bechi na tarehe.

Sasa mtihani wenyewe. Unahitaji bakteria wa rejea wanaojulikana, wenye namba za hazina ya ATCC ya Marekani: E. coli ATCC 25922, Klebsiella aerogenes ATCC 13048, Enterococcus faecalis ATCC 29212 na Pseudomonas aeruginosa ATCC 27853. Wa kwanza aote kwa rangi ya bluu iliyokolea hadi zambarau. Wa pili aote pinki hadi nyekundu. Wa tatu asiote kabisa. Wa nne aote bila rangi. Mmoja akienda kinyume, bechi haitumiki.

Rangi peke yake haitoshi, kwani agari inaweza kutoa rangi nzuri huku ikiua nusu ya bakteria. Kwa hiyo linganisha idadi. Tengeneza maji yenye E. coli wachache, chuja ujazo uleule kwenye membreni sita, tatu uziweke kwenye agari ya bechi ya zamani iliyokwisha kufaulu, tatu kwenye mpya. Tuseme ya zamani imetoa wastani wa koloni 62 na mpya 51. Gawa 51 kwa 62 upate 0.82. Kikomo ni 0.7, hivyo imefaulu. Mpya ingetoa 38 ungepata 0.61, na bechi hiyo ingekwenda kutupwa hata kama kila koloni ni ya bluu.

Kupata maji hayo: anza na koloni za jana zilizokorogwa kwenye maji ya chumvi mpaka ukungu ulingane na McFarland 0.5, kipimo cha kulinganishia ukungu wa bakteria. Hapo una bakteria kama milioni 150 kwa mililita. Punguza mara kumi, rudia mpaka mara saba, kila mara kwa pipeti mpya. Utabaki na kama 15 kwa mililita. Chuja mililita 3 na utegemee koloni 45 hivi. Ukiona hatua hizi ni nyingi na bajeti inaruhusu, nunua vidonge vyenye idadi ya bakteria iliyothibitishwa.

Bakteria wa rejea watunzwe kwa adabu. Wanaofika kutoka kwa msambazaji wagandishwe kwenye gliserini kama akiba, na kila kichupa kikiyeyushwa kisirudishwe kwenye friza. Kutoka akiba unatoa wa kutumia kila siku. Usiwaoteshe kizazi kwa kizazi bila mwisho: baada ya vizazi vitano kutoka kwa yule wa asili, rudi kwenye akiba. Bakteria anayehamishwa sahani hadi sahani kwa mwaka mzima hubadilika tabia.

Membreni nazo zina bechi. Za kipenyo cha milimita 47 na matundu ya maikromita 0.45 ndizo za kawaida. Bechi mpya iangalie kwa sura: kuna zenye mabaka yasiyopitisha maji, na kuna ambazo wino wa mistari yake una sumu kwa bakteria. Ukiona koloni zimekwepa mistari ya miraba kana kwamba zimechorewa mpaka, rudisha boksi zima.

Hatua ya 6: Siku ya kuchuja

Mpangilio wa siku ndio unaoamua kama utaweza kuzitetea sifuri zako. Nenda hivi:

1. Futa meza kwa spiriti, zima feni, funga madirisha. Andika kwenye rejista bechi ya agari, ya membreni, ya maji ya kusuuzia, na saa.
2. Chuja blanki ya kwanza: mililita 100 za maji yaliyotakaswa, kutoka chupa ileile utakayosuuzia faneli siku nzima.
3. Anza na maji safi zaidi, yale ya mtambo na ya bomba. Halafu visima virefu. Visima vya ndoo viwe mwisho.
4. Tikisa kila sampuli kwa nguvu kabla ya kumimina. Bakteria hutuama na hushikamana na chupa.
5. Baada ya kila sampuli, suuza kuta za faneli mara mbili au tatu huku pampu ikivuta.
6. Baada ya kila sampuli kumi, chuja blanki nyingine. Ukisimama zaidi ya dakika 30, hata kama ni kwa ajili ya chai tu, faneli zinatakaswa upya na unaanza na blanki upya.
7. Katika kila kumi, sampuli moja ichujwe mara mbili kutoka chupa ileile. Hiyo ni sampuli pacha.
8. Malizia kwa blanki ya mwisho.
9. Baada ya hapo, kwa faneli yake ya peke yake, chuja kidhibiti chanya: wale E. coli wako wa rejea. Asiguswe kabla ya sampuli zote kuisha.

Mambo mawili katika hatua hizi huharibu majibu kimyakimya. La kwanza ni faneli ya chuma iliyochomwa moto na kutumiwa papo hapo. Iguse kwa nje kwa mgongo wa kidole kilichovaa glovu. Kama unasikia joto, subiri. La pili ni kiputo cha hewa chini ya membreni. Bakteria hula kupitia membreni, na penye kiputo agari haiwafikii, basi hapo haoti kitu. Usiidondoshe membreni kama unavyoweka karatasi mezani. Ishike ukingoni kwa koleo, gusisha upande mmoja kwenye agari, kisha ilaze taratibu kuelekea upande wa pili. Membreni iliyoshika vizuri inalowana sawasawa na kubadilika kidogo rangi yote. Penye kiputo panabaki peupe. Inyanyue, uilaze upya mara hiyohiyo.

Koleo lichovywe kwenye spiriti na kuwashwa kila mara, na chupa ya spiriti ikae mbali na moto.

Hatua ya 7: Kusoma sahani

Soma kati ya saa 18 na 24. Koloni za bluu iliyokolea hadi zambarau ni E. coli. Za pinki hadi nyekundu ni kolifomu wengine, yaani kundi pana la bakteria ambalo E. coli ni mmojawapo, lakini hizo zithibitishe kwa kipimo cha oksidezi, kwani kolifomu wa kweli hutoa jibu hasi. Jumla ya kolifomu ni bluu pamoja na pinki zilizothibitishwa.

Tumia kikuza na mwanga mzuri. Idadi kati ya 20 na 80 ndiyo inayohesabika kwa uhakika. Zaidi ya 200 andika "nyingi mno kuhesabika" na upime tena kwa ujazo mdogo. Chini ya 20 bado unaandika ulichokiona, kwa maji ya kunywa hata koloni moja ni habari.

Mara moja kwa mwezi, watu wawili wahesabu sahani ileile bila kuonyeshana. Tofauti isizidi asilimia 10. Mtu yuleyule akirudia hesabu yake, isizidi asilimia 5. Ikizidi, kaeni pamoja juu ya sahani hiyo na mkubaliane ni koloni zipi mnazozigombania. Kwa kawaida ni zile za zambarau nyepesi.

Hatua ya 8: Hesabu za sampuli pacha

Maabara nyingi huchuja pacha, huandika namba mbili, halafu hazifanyi lolote. Hesabu yake ni fupi.

Kusanya jozi 15 za kwanza zilizotoa koloni. Kwa kila namba tafuta logi ya kumi, kisha toa ndogo kwenye kubwa. Jumlisha tofauti hizo 15 na ugawanye kwa 15 upate wastani. Zidisha wastani kwa 3.27. Hicho ndicho kikomo chenu. Kama namba moja ya jozi ni sifuri, ongeza 1 kwa zote mbili kabla ya kutafuta logi.

Tuseme wastani wenu ni 0.12, kikomo ni 0.39. Leo pacha wametoa 45 na 30. Logi ni 1.65 na 1.48, tofauti 0.17, iko ndani. Wiki ijayo wametoa 60 na 21: 1.78 na 1.32, tofauti 0.46. Imevuka. Kuna mtu hakutikisa chupa, au membreni ina kiputo, au faneli inavuja pembeni. Majibu ya kundi hilo hayatoki mpaka ijulikane.

Kama bado hamjafikisha jozi 15, tumia kanuni hii kwa muda: jumlisha namba mbili, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 2. Tofauti ya pacha isizidi hapo. Kwa 36 na 25 jumla ni 61, kipeuo chake 7.8, mara mbili 15.6, tofauti ni 11, wamepita.

Hatua ya 9: Chati

Idadi ya koloni za kidhibiti chanya ichorwe kila siku kwenye chati yenye mstari wa wastani na mistari ya onyo juu na chini, utaratibu alioubuni Walter Shewhart mwaka 1924 kwa ajili ya viwanda vya simu na unaotumika maabara hadi leo. Nukta moja ikitoka nje ya mstari ulio umbali wa mara tatu ya mtawanyiko wa kawaida kutoka kwenye wastani, simamisha kazi. Nukta nyingi mfululizo zikishuka bila kutoka nje, usisubiri zitoke: agari inachoka au bakteria wa rejea wanakufa.

Mkaguzi wa chati aangalie pia kinyume chake. Bakteria hawagawanyiki sawasawa kwenye maji. Ukitegemea 45, kwa bahati tupu utapata siku moja 33, siku nyingine 56, na hapo hakuna kosa. Chati inayosema 45, 44, 46, 45 mwezi mzima haijatoka kwenye sahani. Imetoka kwenye kalamu. Mfundishe kijana mpya wa maabara kwamba namba inayoyumba kidogo ndiyo ya kawaida, asije akahisi analazimika kuinyoosha.

Hatua ya 10: Udhibiti ukigoma

Hapa ndipo nidhamu inapopimwa, kwa sababu sampuli zimekwisha, siku imepita na mkurugenzi anasubiri ripoti.

Blanki ya kwanza ikiota, uchafu ulikuwepo kabla hujaanza: kwenye maji ya kusuuzia, faneli, agari au koleo. Kundi zima linakataliwa. Blanki ya kati au ya mwisho ikiota wakati ya kwanza ni safi, rudi nyuma mpaka blanki safi ya mwisho. Sampuli zote zilizochujwa baada ya hapo zinakataliwa na kuombwa upya. Blanki ya safari ikiota peke yake, tatizo liko kwenye uchukuaji, siyo mezani kwenu.

Kidhibiti chanya kisipoota, sifuri zote za siku hiyo zimekufa, hata kama blanki zote ni safi. Usizitoe. Ila koloni zilizoota kwenye sampuli hazifutiki kwa sababu hiyo: agari dhaifu iliyoweza kuotesha E. coli wa maji ya mtu inakuambia hali inaweza kuwa mbaya zaidi ya namba uliyoiona.

Andika kilichotokea kwenye rejista kwa wino. Ukikosea, pitisha mstari mmoja, andika sahihi pembeni, tia herufi za jina na tarehe. Kisha tafuta chanzo kimoja baada ya kingine: rudia blanki kwa maji mapya, kwa faneli nyingine, kwa bechi nyingine ya agari, ukibadilisha kitu kimoja tu kila mara. Sahani zote zilizoota ziingie otoklevu kabla ya kwenda jalalani.

Na kuna swali ambalo wengi huniuliza: E. coli ameonekana kwenye sampuli ya bomba, lakini blanki ya mwisho nayo imeota. Je, tunyamaze mpaka tupime upya? Hapana. Cheti hakitoki, hilo ni sawa. Ila simu kwa msimamizi wa mtambo inapigwa saa hiyohiyo: apime klorini kwenye bomba lile na kwenye tangi, miligramu 0.2 kwa lita ikiwa ndiyo kima cha chini mwishoni mwa mtandao, na sampuli mpya mbili zichukuliwe siku hiyo, moja pale pale na nyingine bomba la jirani. Mweleze wazi kwamba jibu lenu halijathibitishwa na kwa nini. Kuongeza klorini bila sababu ni hasara ndogo. Kijiji kizima kunywa kinyesi kwa siku mbili huku sisi tunatafuta faneli iliyochafuka ni hasara isiyolipika.